Mwanangu, hapo si porini, hapo ni gulioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Najua mnataka barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mnisamehe mapema, mkiona lazima mkate basi kateni popote ila kwenye zafarani msiguse.

Kilichonifanya nishike simu nianze kuandika ni mtoto wa mdogo wangu. Binti kapata kazi ya kuhudumia wazee Uingereza, tukamsindikiza airport na Hiace mbili zimejaa, mapicha, machozi, bibi yake anamwombea dua mpaka mlinzi akatuambia tusogee pembeni tunaziba njia, na kila aliyeulizwa mtoto anaenda wapi alijibu London. Wiki ya pili tu napokea voice note ya dakika saba, analia. "Mamkubwa wamenileta porini, mji wote naumaliza kwa miguu dakika ishirini, hamna mall, saa kumi na moja jioni maduka yameshafungwa, kuna ngome imebomoka na mbele yake uwanja watu wanauza kabichi kwenye meza, yani nimeacha Tandale nikaja Tandale ya baridi." Mji wenyewe unaitwa Ludlow, uko magharibi kule karibu na mpaka wa Wales, watu kama elfu kumi na ushee hivi.

Nilicheka, Mungu anisamehe, mtoto analia mi nacheka. Maana yalinikuta hayohayo. Nimekaa miaka miwili na miezi kwenye mji unaitwa Saffron Walden, Essex, kazi ya kulala kwa bibi mmoja mjane wa mkulima, na siku ya kwanza nilivyoshuka treni kituo cha Audley End nikakuta mji haupo. Stesheni iko kama maili mbili nje ya mji, kile kipande cha reli kilichokuwa kinaingia mjini walikifunga 1964, kwa hiyo unashuka unaona miti tu na giza la saa kumi jioni, ilikuwa Desemba, na basi ndo limeondoka. Nilikaa juu ya begi langu la Shangazi Kaja nikajiuliza nimemkosea nani.

Sasa nimemjibu mtoto kwa voice note zangu kama tisa na mume wangu akasema hayo yote ungeyaandika gazetini, maana kila siku tunasimuliwa Uingereza ya London na ya mpira, na vijana wetu waliokwenda kwenye hizi kazi wengi hawakupelekwa London, walipelekwa huko kwenye miji midogo wakafika wakadhani wametapeliwa.

Ile miji wenyewe wanaiita miji ya soko. Mi naiita miji ya gulio, kwa sababu soko la hapa Dar lipo kila siku lakini lile lina siku yake, na mtu aliyekulia sehemu yenye gulio, kama sisi wa Upareni, anaielewa ile miji haraka kuliko hata mtu wa London mwenyewe. Kwetu siku ya gulio ndo ilikuwa kalenda. Deni unalipwa gulioni, mchumba unamwona gulioni, taarifa ya msiba wa kijiji cha pili unaipata gulioni, na mama akisema nitakununulia viatu "siku ya gulio" hakuna haja ya kutaja tarehe. Ludlow gulio ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Saffron Walden ni Jumanne na Jumamosi. Na si siku walizopanga juzi.

Zamani zile kule huwezi kuamka asubuhi ukatandika mkeka ukauza vitunguu. Kuwa na gulio ilikuwa haki inayotoka kwa mfalme, bwana mwenye ardhi anaomba, au abate wa monasteri, anapewa karatasi ina muhuri inasema gulio litakuwa siku fulani mahali fulani na ushuru wa meza anachukua yeye. Karne ya 12 na ya 13 walizigombea hizo karatasi kama watu wanavyogombea viwanja Kigamboni. Na walikuwa na hesabu moja mi naipenda sana, kwenye sheria zao za karne ya 13 gulio jipya lisikae karibu na la zamani chini ya maili sita na theluthi mbili, ambayo ni kama kilomita kumi na kitu, tuseme Posta mpaka Mwenge. Kwa nini hiyo theluthi mbili? Walisema mwendo wa mtu kwa siku ni maili 20, igawe mara tatu, fungu moja la kwenda, moja la kuuza na kununua, moja la kurudi nyumbani kabla giza halijaingia na majambazi hawajatoka. Yani ramani ya nchi imepimwa kwa miguu ya mama mwenye kikapu! Ndo maana mpaka leo ukipanda basi sehemu zile unakuta mji mdogo, mashamba, mji mdogo, mashamba, kila mmoja na uwanja wake katikati, ukidhani ni bahati mbaya kumbe ni hesabu.

Mambo mengine nayataja harakaharaka. Ukiona mji jina lake linaanza na Chipping, kama Chipping Norton au Chipping Campden, hiyo ni lugha yao ya zamani maana yake gulio, na hata Saffron Walden kabla haijapata jina la kifahari ilikuwa Chipping Walden. Zamani waliuzia uani kwa kanisa kwa kuwa watu wameshakusanyika kusali, mpaka 1285 sheria ikakataza biashara kwenye viwanja vya makanisa. Lumbesa nayo wameanza kuipiga vita 1215, ule mkataba mfalme John aliobanwa na mabwana zake una kifungu kinasema kipimo cha nafaka na cha mvinyo na cha bia kiwe kimoja nchi nzima. 1215 hiyo! Sisi tunapiga kelele za gunia la viazi lenye kichwa kama kilemba mpaka leo.

Na walikuwa na mahakama ya gulio, hii niliambiwa na yule bibi nikadhani ananitania. Jina lake, piepowder, linatoka kwenye Kifaransa cha kale, maana yake miguu yenye vumbi, kwa ajili ya wafanyabiashara wa kupita wanaofika miguu imejaa vumbi. Mkigombana na mteja, au kitambaa kimepungua dhiraa, hamwambiwi njooni mwezi ujao na barua ya mtendaji, kesi inasikilizwa palepale na kuamuliwa kabla mtu hajafunga mzigo wake akaondoka. Zilikuja kulala zenyewe, na kwenye sheria zimefutwa rasmi miaka ya 1970 tu hapo. Mi nikiwa na meza yangu ya mitumba nimeshadhulumiwa jinzi za kike zenye thamani ya mbao za fremu mbili na sina pa kwenda, nikasema hiyo mahakama mbona hawakutuletea na sisi wakati wanatutawala, walituletea kodi ya kichwa.

Nije kwenye lile ambalo hasa limenifanya niandike.

Mtoto kanitumia picha za katikati ya Ludlow. Vichochoro vyembamba, nyumba za nguzo za mbao nyeusi na plasta nyeupe katikati, ghorofa ya juu imechomoza mbele mpaka inataka kugusana na ya ng'ambo, watalii wamesimama na kamera. Anasema Mamkubwa angalau hapa pazuri. Nikamwambia mwanangu hizo unazoziona ni fremu za wamachinga.

Simtanii. Barabara kuu ya Ludlow kutoka langoni kwa ngome kwenda mashariki ilikuwa uwanja mmoja mpana wa gulio. Mtu anakuja na meza asubuhi jioni anaibeba. Baadaye akachoka kubeba akaiacha. Akaweka turubai juu, mvua ya kule si mchezo. Turubai likawa paa, pembeni pakaja ubao, ubao ukawa ukuta, akajenga kichumba juu cha kulala asiibiwe mzigo, na mwenye gulio akiangalia anaona bora achukue kodi ya mwaka kuliko kufukuzana naye, basi miaka ikaenda, na ule uwanja mpana ukajaa mistari ya maduka na vichochoro katikati yake. Saffron Walden hivyohivyo, hapo karibu na uwanja wa soko kuna sehemu wanaiita The Rows, yani mistari, kila mstari ulikuwa na watu wake, wachinjaji kivyao, wauza vitambaa kivyao, kama vile hapa ukitaka nguo unaenda Mtaa wa Kongo na ukitaka simu unaenda Aggrey. Nilikuwa napita pale kila siku kwenda kumchukulia bibi dawa, vichochoro vingine mikono miwili ukinyoosha unagusa kote kote, nikawa nasikia kama niko nyumbani na sijui kwa nini. Mpaka bibi alivyonielezea. Meza, banda, fremu, ghorofa. Mambo tunayoyajua sisi. Tofauti ni kwamba wale walipita miaka mia sita bila kijiko cha kubomolea kuja alfajiri.

Sisemi kila banda la Dar liachwe liwe urithi wa taifa, barabara nazo zinahitajika, na mimi nikiwa kwenye daladala nimechelewa nawalaani wenye meza kama mtu mwingine yeyote. Ila nasema tukienda Ulaya tunapiga picha mbele ya kitu kilekile ambacho huku tunakiita uchafu.

Na kuhamisha gulio nako wamehamisha sana, tusidhani walikuwa malaika. Mwaka 1141 kulikuwa na vita ya ndugu wanagombea kiti, na bwana mmoja anaitwa Geoffrey de Mandeville, mtu wa ndumilakuwili huyu leo yuko upande huu kesho ule, akapata kibali kwa Matilda, binti wa mfalme aliyekuwa anadai kile kiti, cha kulitoa gulio mji wa jirani wa Newport, kama maili tatu nne hivi, alilete Walden kwenye ngome yake. Watu wa Newport walikosa nini? Hawakukosa kitu, wamekaa kwenye njia yao wanauza, bwana kataka ushuru uje kwake. Uonevu wa wazi. Lakini sasa sikilizeni kilichoandikwa kwenye kile kibali, hakikusema tu gulio lihame, kilisema na barabara za Newport zigeuzwe zielekee Walden. Yule mtu na ukatili wake wote alijua gulio bila njia ni uwanja mtupu.

Hapo ndo mi nilipoishiwa nguvu. Kwa sababu mwaka fulani, mtaa siutaji na ofisi siitaji, tuliambiwa tuliokuwa na meza barabarani tuhamie eneo jipya. Eneo zuri, siwezi kusema uongo, lina uzio, lina vyoo vya tiles, limechorwa mistari ya rangi ya njano kila mtu na namba yake. Mimi nilikuwa 214. Nikapanga mashati yangu nikakaa. Siku ya kwanza nikauza shati moja, kwa mwenzangu wa namba 213. Daladala haziingii, kituo kiko mbali jua linakuchoma mpaka ufike, bodaboda mteja amlipe buku jero kuja kununua shati la buku mbili, nani huyo? Mwezi wa pili tukaanza kurudi barabarani mmojammoja kama paka, mgambo wanatufukuza, tunarudi. Wakatuita wakaidi. Kituo kimoja tu cha daladala kingesogezwa yasingetokea hayo, na sikumbuki kikao hata kimoja ambacho mtu alikitaja.

Kariakoo yenyewe tuiangalie. Jina lenyewe ni Carrier Corps, kambi ya wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, watu wakajaa, biashara ikafuata watu. Baadaye miaka ya 70 ndo Beda Amuli akachora lile soko lenye mapaa kama miavuli ya zege iliyogeuzwa, kazi ya Mtanzania ile, na hakwenda kulijenga Pugu, alilijenga palepale watu walipo. Tarehe 10 Julai 2021 limeungua, mi nilikuwa nimerudi, moshi tuliuona mpaka Tabata, na kesho yake asubuhi wenye meza za pembeni walikuwa wameshatandika tena.

Zafarani sasa, niliyosema msiikate.

Kwetu zafarani ni ya biriani ya harusi, na ni ya wino wa kombe, shehe anaiandikia aya kwenye sahani nyeupe kwa maji ya waridi mgonjwa anakunywa. Inakuja kwenye kikopo kidogo kama dawa ya macho, bei yake unainunua umekaa. Nilikuwa najua ni kitu cha Uajemi huko. Sasa fikiria unafika Uingereza, baridi, ukungu, mvua ya kukoroma, unaambiwa mji huu umeitwa Saffron, yani zafarani kwa Kiingereza, kwa sababu mashamba ya kuzunguka yalikuwa yanalimwa zafarani! Karne ya 15, 16 mpaka ya 17. Ua dogo la zambarau linachanua vuli, mwezi wa kumi, watu wanatoka alfajiri na vikapu kulichuma kabla jua halijalichosha, na kila ua lina nyuzi tatu tu nyekundu, hizo tatu ndo zafarani yenyewe, maua zaidi ya mia upate gramu moja. Wakawa wanaitumia kupaka vitambaa rangi ya njano, wanatia kwenye chakula, wanatibia. Ua hilo limechongwa mpaka kwenye mawe ndani ya kanisa lao la St Mary's, lile kubwa lenye mnara unaouona kabla hujauona mji. Na wana hadithi kwamba mbegu ya kwanza ililetwa na hujaji aliyeiiba nchi za mashariki akaificha ndani ya fimbo yake iliyotobolewa, angekamatwa nayo angeuawa. Hadithi ya wizi kwenye fimbo! Nilivyosikia hiyo nikasema hawa watu si wageni.

Karne ya 18 kilimo chenyewe kikafa, ya kutoka nje ilikuwa rahisi, watu wakahamia shayiri na bia. Miaka ya karibuni wako wakulima wachache Essex wameanza tena kidogo. Lakini jina limebaki, na Jumanne imebaki.

Jumanne ya bibi ilikuwa hivi. Anaamka saa kumi na moja na nusu mwenyewe bila kuamshwa, siku nyingine unambembeleza mpaka saa tatu. Anataka koti la bluu na bangili. Mume wake enzi zake alikuwa analeta ndama mjini, kwa hiyo maisha yake yote daktari wa meno ni Jumanne, benki Jumanne, kutengeneza nywele Jumanne, kwa sababu basi la kijijini kwao lilikuwa linakuja siku hiyo. Namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu tunapanda kakilima, mawe ya barabara yanamrusharusha analalamika kwa furaha. Kwenye uwanja pana mnara wa maji ya kunywa wa zamani wa enzi za babu zao, hapo ndo tunasimama kwanza apumue, mi nipumue zaidi yake.

Mwuza matunda anapanga bakuli za chuma mezani, bakuli la nyanya, la tufaha, la ndizi, kila bakuli pauni moja. Nikamwambia bibi hii kwetu inaitwa fungu. Akajaribu kulisema, "fanguu," akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo anamwambia yule baba mpe huyu fungu mbili. Yule baba mwenyewe mikono imepasuka kwa baridi, amevaa glavu zilizokatwa vidole, ananiita mpenzi. Siku ya kwanza nilishtuka nikamwangalia bibi, mi mke wa mtu! Kumbe kila mtu anaitwa mpenzi, hata mzee wa miaka tisini na fimbo yake, hata askari. Na saa tisa wakianza kukunja maturubai ndo muda wa wenye akili, bakuli mbili kwa pauni, siku ya mvua tatu, hapo utasikia sauti za kunadi kama uko Buguruni vile.

Nikizoea nikaona utamu wenyewe uko wapi. Si majengo. Ni kwamba usipoonekana Jumanne mbili mtu anauliza. Nilipata homa wiki moja, mwuza jibini, mwanamke sijawahi kununua kwake hata kipande, jibini lile la ukungu siwezi, akamuuliza bibi yule rafiki yako yuko wapi. London ningekufa ndani mpaka mwenye nyumba aje kudai kodi.

Kuna jengo la benki hapo uwanjani lina historia yake, ukoo wa Gibson, Wakweka (Quakers, watu wa dhehebu moja la Kikristo), matajiri wa bia na benki ya familia, mwaka 1896 wakaungana na benki ndogondogo nyingine za koo kama wao zikawa Barclays. Ndiyo hiyohiyo iliyokuja mpaka huku kwetu na Mwalimu akaitaifisha pamoja na wenzake mwaka 1967. Kumbe pesa za gulio zinatembea sana.

Ubaya upo mwingi tu na mtoto nimemwambia. Nyumba bei haishikiki, watu wenye hela za London wananunua kwa sababu treni ni kama saa moja tu, watoto waliozaliwa pale wakikua wanahama hawawezi kodi. Matawi ya benki yanafungwa, maduka mengi yamekuwa ya kahawa na ya mitumba ya hisani (hapo niliiona mitumba ikiwa bado kwao, bibi alipeleka koti la marehemu mumewe na mimi kimoyomoyo nikaliambia tutaonana Ilala). Jioni mji unazimika, basi la mwisho likikupita umekwisha. Ukitaka unga wa sembe au mihogo mpaka uende Cambridge, Mill Road. Na utaangaliwa. Si kwa ubaya mara nyingi, ila kwa miezi ya kwanza mi nilikuwa mweusi peke yangu kwenye ule uwanja na hata mbwa walikuwa wanajua.

Basi nimemwambia mtoto Jumatatu ukitoka shift usiende kulala, nenda hapo mbele ya ngome saa tisa, beba sarafu si kadi, chagua meza moja usitangetange, nunua chochote, halafu Jumatano rudi meza hiyohiyo. Kaenda. Jana kanitumia picha ya viazi, karoti na machungwa yamejaa kwenye mfuko wa nailoni, voice note safari hii ni ya sekunde kumi na nne. "Mamkubwa kaniongezea chungwa moja la bure, sasa Jumatano nimpelekee kitu au ndo tutaoneana aibu?"

Nimemwambia ampikie vitumbua. Anasema mchele wa huko haukubali, naomba msomaji yeyote aliyewahi kupikia vitumbua mchele wa Uingereza atusaidie.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama Namba 214,
Tabata, Dar es Salaam.